Mlezi wa Mayatima: Kumbukumbu ya Bibi Aloisea Inyumba

(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya akina baba na akina mama wa Kiislamu, Kigali)

Shukrani zote zamrudia Mwenyezi Mungu, aliyewaumba wanadamu mume na mke, akawatia huruma mioyoni ili mkubwa amlee mdogo na mwenye nguvu amwinue aliyeanguka. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote.

 

Maneno haya yanamhusu mwanamke mmoja aliyefariki dunia tarehe 6 Desemba 2012, akiwa hajatimiza umri wa miaka arobaini na minane. Jina lake ni Bibi Aloisea Inyumba. Mjini Kigali ni wachache waliofikia utu uzima wasiopata kulisikia jina hilo. Lakini kusikia jina ni jambo moja, na kuijua kazi ya mwenye jina ni jambo jingine. Vijana waliozaliwa baada ya mwaka 1994 wanaona watu waliolelewa wakakua, wakaoa na kuolewa, wakawa na watoto wao, wala hawajui kwamba wengi miongoni mwa hao walikuwa watoto waliookotwa njiani, hawana baba wala mama, na kwamba palikuwa na mtu aliyesimama akasema kila mtoto sharti apate nyumba.

Huenda mtu akauliza moyoni: bibi huyu hakuwa Mwislamu, imekuwaje akumbukwe katika mkutano wa Waislamu na katika kijitabu cha Waislamu? Swali hilo si baya, na jawabu lake lapasa kutangulia. Kila aliyesoma sira ya Mtume anajua kwamba alizaliwa baba yake Abdallah akiwa amekwisha kufa, na mama yake Amina akafariki yeye akali mtoto mdogo. Babu yake alimlea, na babu alipokufa akalelewa na ami yake Abu Talib. Wanavyuoni wengi wasema kwamba Abu Talib hakupata kuingia katika Uislamu. Hata hivyo hakuna Mwislamu anayeisimulia habari ya Mtume akauficha wema wa mzee huyo, aliyemlisha yatima na kumkinga na maadui. Tena wanavyuoni wamepokea habari ya mapatano ya Fudhuli, waliyofanya watu wa Makka kabla ya Uislamu, nyumbani kwa Abdallah bin Jud'an, kwamba watamsaidia kila aliyedhulumiwa. Mtume alihudhuria akiwa kijana, na baada ya kupewa utume aliyasifu mapatano hayo, akasema kwamba lau angaliitwa tena kwa jambo kama lile angaliitika. Basi wema hauulizwi kabila wala dini kabla ya kushukuriwa. Hukumu ya viumbe iko kwa Muumba wao. Lililo juu ya wanadamu ni kushukuru na kujifunza.

Bibi Inyumba alizaliwa tarehe 28 Desemba 1964, na mwaka huo huo ndio uliokiona Chama cha Waislamu wa Rwanda kikiasisiwa. Alizaliwa katika jamaa ya wakimbizi, katika zile zama ambazo maelfu ya Watutsi walifukuzwa katika nchi yao baada ya machafuko yaliyoanza mwaka 1959. Hakubahatika kumjua baba yake, kwani aliuawa. Mama yake ndiye aliyebaki na mzigo wa kuwalea watoto ugenini, katika nchi ya Uganda. Yafaa jambo hili litiwe maanani, kwa sababu ndilo ufunguo wa maisha yake yote: yule aliyekuja kuwatafutia mayatima nyumba, naye alikuwa yatima, na yule aliyekuja kuwasimamia wajane, alilelewa na mjane. Hakuhitaji kusoma kitabuni jinsi mama mmoja asiye na shamba wala mume anavyogawa chakula kidogo kwa vinywa vingi.

Alisoma katika Uganda mpaka akafika Chuo Kikuu cha Makerere, na elimu aliyoichagua huko ilikuwa ya huduma za jamii. Akali msichana aliingia katika Chama cha RPF Inkotanyi, akapewa kazi ya kusimamia fedha. Chama hicho kilianza vita vya kurudi nchini tarehe 1 Oktoba 1990, na fedha zake nyingi zilikuwa ni michango ya wakimbizi waliotawanyika katika nchi mbalimbali. Huyu anatoa senti za mshahara wake, yule anauza alichonacho. Kuwekewa amana ya mali ya maskini ni mtihani mkubwa. Wengi wameanguka katika mtihani huo, hata miongoni mwa watu wa misikiti na makanisa. Bibi Inyumba aliupita, na sifa ya uaminifu aliyoipata hapo ikamfuata mpaka kaburini.

Kisha ikaja ile miezi ya mwaka 1994. Hapana haja ya kuieleza kwa urefu mbele ya watu wa Kigali, maana kila mtaa una makaburi yake na kila nyumba ina majina yake. Kuanzia tarehe 7 Aprili mpaka Julai waliuawa watu zaidi ya milioni moja katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Waislamu wa nchi hii, waliokuwa wachache na waliodharauliwa tangu enzi za Wabelgiji, wakati walipofungiwa katika kambi ya Waswahili pale Biryogo, walipata sifa katika siku hizo kwa kuwa wengi wao walikataa kuua na walificha watu majumbani mwao, Biryogo na Nyamirambo, na huko Mabare walisimama kuwakinga waliokimbilia msikitini. Wapo miongoni mwao waliouawa kwa sababu hiyo. Wapo pia, na haifai kusema uongo, waliotenda dhambi pamoja na watenda dhambi. Lakini jina lililobaki ni la wale waliofungua milango.

Serikali mpya iliapishwa tarehe 19 Julai 1994, na Bibi Inyumba akafanywa Waziri wa Jamii na Maendeleo ya Wanawake. Umri wake ulikuwa miaka ishirini na tisa. Mtu na afikiri wizara ile ilikuwaje. Ofisi hazina meza, hazina karatasi, na watumishi wengi wameuawa au wamekimbia. Nje ya ofisi ile palikuwa na maiti wasiozikwa, wajane wasio na paa, wanawake walionajisiwa, na watoto wanaozungukazunguka wasijue kwao ni wapi. Watoto waliopotezana na wazazi wao walikadiriwa kuwa zaidi ya laki moja, wengine katika nchi na wengine katika kambi za wakimbizi nje ya mipaka. Katika watu wazima waliobaki, wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume kwa kiasi kikubwa sana. Waume wamekufa, au wamekimbia, au wamefungwa.

Palikuwa na njia mbili za kuwatazama watoto wale. Njia ya kwanza ilikuwa kujenga nyumba kubwa za mayatima, kuwaweka humo kwa mamia, na kungojea misaada ya wageni. Njia hii ni nyepesi, na wafadhili waliipenda, kwa kuwa nyumba ya mayatima yaonekana kwa macho na yapigwa picha. Nyingi zilifunguliwa, na kwa siku zile za kwanza ziliokoa maisha. Lakini mtoto aliyemo humo hulishwa bila kuitwa mwanangu. Hujifunza kupanga mstari, hajifunzi kuchota maji pamoja na mama, wala kumzika jirani, wala kusalimia wazee. Akitimiza miaka kumi na minane hutolewa mlangoni, akawa mgeni katika nchi aliyozaliwa.

Bibi Inyumba alichagua njia ya pili, iliyo nzito. Alizunguka nchini akawaomba akina mama, ambao wenyewe walikuwa wamefiwa, kila mmoja amchukue mtoto amlee nyumbani kwake. Wala hakuwaomba wachague mtoto wa kabila lao. Hapo ndipo palipokuwa na uzito. Mwanamke aliyeuliwa watoto wake wote aliambiwa amtazame mtoto huyu, ambaye pengine baba yake ndiye aliyeshika panga, amvike, amwogeshe, amlaze karibu naye. Na mwanamke ambaye mumewe yumo gerezani kwa kuua aliambiwa amchukue mtoto wa waliouawa. Kumtaka mtu jambo kama hilo si mchezo. Asemaye kwamba lilikuwa rahisi hajapata kufiwa.

Wengi waliitika. Waliitika si kwa kuwa wamekwisha kusamehe, bali kwa kuwa mtoto akilia usiku hulia kwa lugha isiyo ya kabila. Wako walioanza kwa kutimiza wajibu tu, na mapenzi yakaja baadaye, kidogo kidogo, kama mvua ya manyunyu. Wahenga wamesema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Na akina mama wale walilea wana wasiowabebea mimba.

Katika Nyamirambo na Biryogo jambo hili halikuwa geni. Watoto waliofichwa chini ya vitanda na juu ya dari wakati wa mauaji, wengine hawakuwa na mahali pa kurudi, wakabaki pale pale walipofichwa. Kwa Mwislamu lilizuka swali la sheria. Mtoto wa kulea huitwa kwa jina la nani? Jawabu ni maarufu. Zaidi, aliyelelewa na Mtume, watu walizoea kumwita mwana wa Muhammad, mpaka amri iliposhuka kwamba watoto wa kulea waitwe kwa baba zao. Ndipo akarejea kuitwa Zaidi bin Haritha. Mapenzi ya Mtume kwake hayakupungua hata chembe. Katika hukumu hii mna hekima iliyoonekana wazi hapa Rwanda. Mtoto aliyehifadhiwa jina la baba yake aliweza kutafutwa na shangazi aliyesalimika, au na ndugu aliyerudi kutoka Zaire au Tanzania. Na akikua huijua asili yake, huijua ardhi iliyokuwa ya wazazi wake. Kulea kwa kuficha nasaba ni kumwokoa mtoto mwili na kumpokonya ukoo.

Na hapa yapasa kusemwa neno chungu. Si kila aliyemchukua yatima alimchukua kwa ajili ya Mungu. Wako waliomchukua ili apate mchunga mbuzi au mpishi asiyelipwa. Wako waliomchukua kwa sababu ya shamba lililo kwa jina la marehemu baba yake. Kitabu kitukufu kimemkemea mno mwenye kula mali ya yatima, kimemfananisha na mwenye kuutia moto tumboni mwake. Watoto hao walipokua, wengine walikuta mashamba yao yamekwisha kugawanywa. Kazi ya Bibi Inyumba haikuweza kuzuia kila dhuluma ya namna hiyo, maana macho ya waziri hayafiki kila jikoni. Macho ya jirani hufika, na ya imamu hufika.

Jambo la pili alilolishika ni haki za wajane na mabinti. Kwa desturi ya zamani binti hakurithi ardhi ya baba yake, na mjane asiye na mtoto wa kiume aliweza kufukuzwa na jamaa za mumewe. Kabla ya vita desturi hiyo iliwaumiza wachache, lakini baada ya vita iliumiza nusu ya nchi. Wajane wenyewe walijikusanya. Mnamo Januari 1995 wajane hamsini waliasisi chama cha AVEGA-Agahozo ili kusaidiana. Wizara ilishirikiana na vyama vya wanawake, yakaundwa mabaraza ya wanawake tangu kijijini mpaka taifani, na ikaanzwa kazi ya kubadili sheria. Mwaka 1999 sheria ilitoka, ikampa binti haki ya kurithi sawa na mwana wa kiume. Ndugu Waislamu wanajua kwamba Qurani ilikwisha kumpa mwanamke fungu lake katika mirathi zaidi ya karne kumi na tatu kabla ya hapo. Basi ni aibu kwa nyumba ya Kiislamu ambayo humo dada hakupewa hata fungu hilo, akaambiwa angojee kwa mumewe.

Mwaka huo wa 1999 iliundwa Tume ya Taifa ya Umoja na Maridhiano, na Bibi Inyumba akawa Katibu Mtendaji wake wa kwanza. Hakuanza kazi hiyo kwa kuwahutubia watu. Alianza kwa kuwasikiliza. Mikutano ilifanywa kila upande wa nchi, wakulima na wafungwa na wanafunzi na wajane wakaulizwa: ni nini kilichowatenga Wanyarwanda, na ni nini kitakachowaunganisha? Magereza yalikuwa yamejaa watu zaidi ya laki moja wakingoja kuhukumiwa, na nje ya kila gereza wake zao walipanga mstari na vikapu vya chakula. Wajane wa waliouawa na wake za wauaji walitumia kisima kimoja. Maneno yaliyokusanywa yaliletwa katika mkutano mkuu wa kwanza wa taifa, uliofanyika mjini Kigali mwezi Oktoba 2000. Alipoiacha kazi hiyo, ilishikwa mwaka 2002 na Bibi Fatuma Ndangiza, aliyeiongoza mpaka mwaka 2009.

Kisha akafanywa Gavana wa Kigali-Ngali, lile jimbo lililouzunguka mji huu kabla ya majimbo kubadilishwa mwaka 2006. Mwaka 2004 akaingia katika Seneti. Mwezi Mei 2011 alirudishwa katika wizara ya jinsia na maendeleo ya jamii, ile kazi aliyoianza akiwa kijana. Nchi ilikuwa imebadilika. Katiba ya mwaka 2003 ilikuwa imeamrisha kwamba wanawake wasipungue asilimia 30 katika vyombo vya maamuzi. Na katika uchaguzi wa mwaka 2008 walipata viti 45 kati ya 80 vya Baraza la Wawakilishi, jambo lisilopata kuonekana katika bunge lolote duniani kabla ya hapo. Lakini yeye aliporudi wizarani, macho yake yaliwarudia wale wale aliowaanza: watoto. Palikuwa pamesalia zaidi ya watoto 3,000 katika nyumba za mayatima. Mwaka 2012 serikali ilipitisha mpango wa kuwatoa humo na kuwarudisha katika jamaa zao, au kuwapa jamaa za kuwalea. Miaka kumi na minane ilikuwa imepita, na neno lake lilikuwa lile lile la mwaka 1994.

Mpango huo hakuuona ukitimia. Saratani ya koo ilimshika, naye akafariki mwezi Desemba wa mwaka huo, akaacha mume na watoto wawili. Baada yake kazi iliendelea. Nyumba nyingi za mayatima zilifungwa, na wakapatikana walezi wa kujitolea wanaoitwa kwa Kinyarwanda Malayika Mulinzi, maana yake malaika mlinzi, wanaopokea watoto waliotupwa au waliofiwa.

Akina baba na akina mama, yapo mambo matatu yafaayo kuchukuliwa kutoka katika maisha haya.

La kwanza ni kwamba cheo ni amana. Bibi Inyumba alipewa fedha za wakimbizi, kisha wizara, kisha jimbo, kisha kiti cha Seneti. Na katika vyote hivyo aliendelea kuwaendea watu walio chini. Viongozi wa jumuiya, wa misikiti na wa vyama vya akina mama, wenye kushika zaka na sadaka, wana la kujipimia hapo.

La pili ni kwamba mwanamke wa Kiislamu asizuiwe kuhudumia umma kwa kisingizio cha dini. Bibi Khadija alikuwa mfanyabiashara, akautegemeza utume kwa mali yake. Bibi Aisha alikuwa mwalimu wa wanaume na wanawake. Binti wa Nyamirambo anayetaka kuwa mwuguzi, au mwalimu, au hakimu, hafanyi jambo jipya. Anarudi njiani.

La tatu ni lenyewe lile la yatima. Watoto wa mwaka 1994 sasa ni watu wazima, wamepita miaka thelathini. Lakini mayatima hawajakwisha. Wako waliofiwa kwa maradhi, wako waliozaliwa na wasichana wadogo wakaachwa, wako wanaolala sokoni. Mtume amefundisha kwamba mwenye kumlea yatima atakuwa karibu naye Peponi, akaonyesha kwa vidole viwili vilivyo jirani. Mama mmoja asiyekuwa Mwislamu aliufanyia kazi ukaribu huo wa yatima na jamaa kwa miaka kumi na minane, tena katika nchi iliyojaa damu. Waislamu wa Kigali, ambao wazazi wao waliificha milango kwa ajili ya watoto wa watu wengine, hawana udhuru wa kuifunga leo ambapo kuna amani.

Na Mwenyezi Mungu ajaalie katika kila nyumba isikiayo maneno haya pawe na kikombe kimoja cha ziada, na mkeka mmoja wa ziada, na mahali pa mtoto mmoja asiye na mtu.